Kutua na Kutwika: Kiunzi chenye Mota na Swali la Mzigo

Kiunzi cha nje ni fremu inayovaliwa juu ya nguo na kufungwa kwa mikanda kifuani, kiunoni na mapajani, ili ifanye sehemu ya kazi ambayo ingefanywa na misuli. Mfano wake katika maumbile ni kaa na nzige, ambao sehemu ngumu ya mwili iko nje na nyama iko ndani. Viko viunzi vinavyotumia springi peke yake, na viko vyenye mota na betri. Hivi vya pili ndivyo vinavyozua maswali mazito zaidi, kwa sababu nguvu inayoinua haitoki yote kwa aliyevaa.

Hesabu ya mgongo ndiyo inayoeleza kwa nini chombo hiki kimebuniwa. Mtu anayeinama kuokota mzigo wa kilo 20 ulio sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo huushikilia kwa misuli ya kiuno iliyo sentimita tano hivi nyuma ya pingili. Kwa kanuni ya wenzo, misuli hiyo hulazimika kuvuta mara nane ya uzito wa mzigo, sawa na kilo 160, kabla uzito wa kiwiliwili chenyewe haujahesabiwa. Mvuto huo wote huishia kuzibana pingili. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inahesabu kuwa mbano wa nyutoni 3,400 kwenye pingili za kiuno ndio mpaka ambao ukivukwa hatari ya kuumia huongezeka, na kwamba mtu asiinue zaidi ya kilo 23 hata pale mazingira yanapokuwa mazuri kuliko yote. Mfuko wa saruji anaoutia begani kibarua wa Dar es Salaam au Mombasa una kilo 50.

Mota za kiunzi hukaa kwenye nyonga. Mvaaji anapoinuka, zinasukuma kifua kirudi nyuma na mapaja yabaki imara, na hivyo misuli ya kiuno inapunguziwa sehemu ya mvuto wake. Mzigo wenyewe haupungui hata gramu moja, na miguu inaubeba kama ilivyoubeba jana, pamoja na uzito wa kiunzi juu yake. Kilichobadilika ni njia ambayo nguvu hupita mwilini. Jambo hilo dogo la kimakanika lina maana kubwa katika mjadala unaofuata: chombo hiki hakimwondolei mtu mzigo, kinamwondolea maumivu ambayo yangemwambia kuwa mzigo ni mzito.

Historia yake ina mashina mawili. La kwanza ni la Marekani. Kuanzia mwaka 1965 kampuni ya General Electric, kwa fedha za jeshi, ilitengeneza kiunzi kilichoitwa Hardiman. Lengo lilikuwa mtu mmoja ainue kilo 680, na nguvu zake ziongezwe mara 25, ili mzigo wa kilo 25 usikike mkononi kama kilo moja. Chombo kikaishia kuwa na uzito karibu sawa na ule kilichokusudiwa kuinua. Kila kilipojaribiwa chote kwa pamoja kilitikisika kwa fujo kiasi kwamba hakikuwahi kuwashwa kikiwa na mtu ndani, na mradi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umefanikisha mkono mmoja tu. Shina la pili ni la Japani, na halikutafuta pandikizi la mtu. Yoshiyuki Sankai, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, alianzisha kampuni ya Cyberdyne mwaka 2004 kuendeleza kiunzi kiitwacho HAL, kwanza kwa ajili ya watu ambao miguu yao imedhoofika, kisha kwa ajili ya wauguzi wa wazee. Toleo la kiuno la wauguzi lina uzito wa kilo tatu hivi. Katika nchi yenye wazee wengi na wauguzi wachache, mgongo wa muuguzi ni mali ya taifa. Mwaka 2013 serikali ya Japani ilirekebisha mwongozo wake wa kuzuia maumivu ya kiuno kazini, ukasema kwamba kimsingi mgonjwa asiinuliwe kwa mikono mitupu.

Shina la kwanza lilitaka mtu abebe zaidi, na la pili lilitaka aumie kidogo. Viunzi vinavyouzwa leo vina damu ya yote mawili, na kwa kukitazama tu hakuna awezaye kujua kiunzi fulani kimerithi upande gani.

Swali la kwanza la kidini ambalo chombo hiki hukutana nalo ni la jasho. Iko dhana iliyoota mizizi kwamba taabu ya mwili ni sehemu ya ibada ya kazi, na kwamba tonge lisilotolewa jasho halijahalalika sawasawa. Dhana hii hutafutiwa ushahidi katika kitabu cha Mwanzo, pale Adamu anapoambiwa kwamba atakula kwa jasho la uso wake. Lakini sura moja kabla ya hapo, kosa likiwa bado halijatendwa, mtu huyo huyo alikwisha kuwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi ilitangulia, jasho likaja baadaye kama adhabu, na hakuna sheria inayomkataza mwenye kuadhibiwa kutafuta kivuli. Kurani nayo, katika Sura al-Balad, inaeleza kwamba mtu ameumbwa katika tabu. Hayo ni maelezo ya hali yake, si amri ya kuitafuta tabu hiyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika habari za Nabii Daudi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inamtaja kuwa mfano wa mtu aliyekula kutokana na kazi ya mikono yake, na wahubiri hupenda kuitumia kuwasuta wavivu. Mara chache hukumbushwa kazi yenyewe ilikuwa ipi. Kwa mujibu wa Sura Saba ya Kurani, Daudi alikuwa mfua deraya, na Mungu alimlainishia chuma. Yaani yule anayetolewa mfano wa heshima ya kazi ya mkono ndiye aliyeondolewa sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hiyo, na riziki yake haikuhesabiwa pungufu kwa sababu chuma hakikumshinda. Alichokishona, zaidi ya hayo, kilikuwa vazi la chuma la kuukinga mwili wa binadamu. Ni vigumu kumtumia Daudi kama hoja dhidi ya kiunzi.

Upande wa mashariki, masimulizi ya Ubuddha wa Zen yanalitazama jambo hilo kutoka pembe nyingine. Baizhang, mtawa wa Kichina aliyefariki mwaka 814, anakumbukwa kwa kanuni kwamba siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Alipozeeka wanafunzi wake walimwonea huruma, wakaficha zana zake za shamba. Yeye akakataa kula mpaka walipozirudisha. Kisa hiki husomwa kama sifa ya jasho, ingawa kinaweza kusomwa kama lawama kwa huruma isiyouliza. Wanafunzi hawakumpunguzia mzee kazi, walimnyang'anya. Kwa wakulima wa Japani, ambao wastani wa umri wao umezidi miaka 65, kiunzi chepesi cha kiuno hufanya kinyume cha walichofanya wanafunzi wale: kinamrudishia mzee jembe lake.

Swali la pili ni la mtenda. Muuguzi akimwinua mzee kutoka kitandani na nusu ya nguvu ikatoka kwenye betri, nani ameinua? HAL imelifanya swali hili kuwa gumu kuliko lilivyokuwa kwa toroli au winchi. Mtu anapotaka kusogea, ubongo hutuma ishara kupitia neva hadi kwenye misuli, na mabaki hafifu ya umeme wa ishara hizo hujitokeza juu ya ngozi. Vihisio vilivyobandikwa hapo huyanasa, kompyuta huyatafsiri, na mota huitikia. Chombo hakisubiri kubonyezwa wala kuamriwa kwa mdomo, kinafuata matakwa ya mwili wenyewe. Kwa wasomaji wanaojua kwamba amali huhesabiwa kwa nia, kishawishi cha kusema kwamba mashine sasa inasoma nia ni kikubwa.

Kishawishi hicho kinafaa kukataliwa. Kinachonaswa kwenye ngozi ni agizo kwa msuli, nalo halisemi chochote kuhusu sababu. Muuguzi anayemwinua mzee kwa upole na yule anayemwinua kwa kuchoshwa naye hutoa ishara ya aina moja ya umeme. Nia, kwa maana ya dini, iko nyuma ya ishara, mahali ambapo waya haufiki. Kwa hiyo thawabu na lawama vinabaki vilipokuwa. Ikitokea mota ikayumba na mgonjwa akaanguka, hesabu inagawanyika kati ya aliyevaa, aliyetengeneza na aliyeamuru kivaliwe, kama inavyogawanyika tangu zamani kati ya nahodha, fundi na mwenye chombo. Upya wa mashine haujaleta mtu wa nne.

Swali la tatu ndilo zito, na Kiswahili kina maneno mawili yanayolibeba vizuri. Kumtua mtu ni kumsaidia kushusha mzigo alio nao kichwani au begani. Kumtwika ni kumsaidia kuupandisha. Vitendo vyote viwili huitwa msaada, na mikono inayotoa msaada huo inaweza kuwa ile ile. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora, aliyetembea na frasila mbili, kilo 32 hivi, alihitaji mwenzake wa kumtua jioni na wa kumtwika alfajiri. Aliyemtua alimpumzisha, na aliyemtwika alimpeleka safari ya siku nyingine.

Wanazuoni wa Kiyahudi waliupima utofauti huu kwa makini. Torati, katika kitabu cha Kutoka, inaagiza kwamba mtu akimwona punda wa adui yake amelala chini ya mzigo, asimpite bali amsaidie. Kumbukumbu la Torati lina agizo la karibu na hilo kuhusu mnyama aliyeanguka njiani. Katika Talmud, sehemu iitwayo Bava Metzia, marabi walitenganisha kazi mbili zilizo ndani ya maagizo hayo: kumpakua mnyama na kumpakia upya. Hukumu iliyosimama ni kwamba kupakua ni wajibu usiodaiwa malipo, lakini aliyesaidia kupakia ana haki ya kulipwa. Kupakua kunaokoa kiumbe kilicho katika maumivu. Kupakia kunaendeleza biashara ya mwenye mzigo, na biashara ina hesabu yake.

Kipimo hicho kikiwekwa juu ya kiunzi chenye mota, mambo mengi yanajipanga. Kiunzi kinachovaliwa na muuguzi ili mgongo wake ufike ukingoni mwa wiki bila kuvunjika, huku idadi ya wagonjwa wake ikibaki ile ile, ni mkono wa kutua. Kiunzi kile kile kikivaliwa ghalani na idadi ya makasha kwa saa ikapandishwa mwezi unaofuata, kimekuwa mkono wa kutwika, na anayesaidiwa hapo ni mwenye makasha. Hatari ya pili haitokani na uzito peke yake. Kampuni ya Ford, ilipowapa wafanyakazi wake koti la springi la kushikilia mikono kwenye kazi za juu ya kichwa, ilieleza kuwa baadhi yao huinua mikono hadi mara 4,600 kwa siku. Mwili ulioumizwa na hesabu ya namna hiyo unaweza kupunguziwa uchungu wa kila mara moja na bado ukamalizwa na idadi. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1848 kwamba ni jambo la kutiliwa shaka kama mashine zote zilizokwisha kubuniwa zimempunguzia taabu ya siku hata binadamu mmoja, na maneno yake hayajazeeka kama mashine alizozijua.

Ikumbukwe pia kwamba iko njia ya tatu isiyohitaji betri. Nchini Uingereza mfuko wa saruji uliokuwa na kilo 50 ulipunguzwa ukawa wa kilo 25, kwa ajili ya migongo ya wanaoubeba. Hapo mzigo ulirekebishwa umfae mtu. Kiunzi humrekebisha mtu aufae mzigo, hata pale kinapotolewa kwa roho safi.

Fikihi ya Kiislamu inalipeleka suala hili hatua moja mbele, kwa neno ambalo Kiswahili kimelirithi. Kukalifisha, kwa matumizi ya kila siku, ni kumpa mtu usumbufu au gharama. Chimbuko lake ni taklifu, yaani kumwekea mja wajibu, na Sura al-Baqara inaweka mpaka wake: nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Hadithi ya Abu Dharr, sahaba wa Mtume, inalishusha neno hilo hilo kutoka mbinguni hadi uani, ikawakataza mabwana kuwakalifisha watumishi kazi inayowashinda, na kama wamewakalifisha, wawasaidie.

Je, uwezo ni nini? Kama ni wa mwili mtupu, kiunzi hakibadilishi wajibu. Lakini sheria yenyewe haikuwahi kusema hivyo. Hija huwawajibikia wenye uwezo, na wanazuoni wengi waliufasiri uwezo huo kuwa masurufu na kipando, vitu vilivyo nje kabisa ya mwili. Mwenye ngamia ana uwezo ambao mtembea kwa miguu hana. Basi mwajiri angeweza kujenga hoja kwamba mwenye kiunzi ana uwezo ambao mwenzake hana, na kwamba mzigo wa kilo 40 uliokuwa dhuluma juzi umekuwa wa haki leo.

Hoja hiyo inakwama mahali ambapo mafakihi walikwisha kupapitia. Waliuliza kama maskini aliyepewa na mtu mwingine gharama za hija analazimika kuzipokea na kusafiri. Wengi wao walijibu kwamba halazimiki, kwa sababu uwezo wa kupewa huja na fadhila ya mtoaji, na mtu hawekewi wajibu kupitia mkono wa mwingine. Uwezo unaomwajibisha mtu sharti uwe wake. Kiunzi cha kazini hununuliwa na kampuni, huchajiwa na kampuni, na huvuliwa zamu inapokwisha. Mfanyakazi hurudi nyumbani na mgongo aliozaliwa nao. Uwezo wa kuazima unaweza kupokewa kama msaada, ambao hadithi ya Abu Dharr inauamuru, lakini haufai kuwa kipimo kipya cha kile anachodaiwa. Hata msaada wa hadithi hiyo umewekwa mwisho, baada ya katazo: kwanza asikalifishwe.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kale havikulihitaji na sasa linahitajika, nalo ni hadhi ya uchovu. Maadili ya kazi yalijengwa juu ya dhana kwamba mwili wenyewe utasema basi. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alitaka saa za kazi zifuate aina ya kazi na nguvu za mtu, na akawataja wachimba madini kuwa wanastahili muda mfupi zaidi kwa kuwa kazi yao ni nzito na inaumiza afya. Sabato nayo, katika Kumbukumbu la Torati, inawataja mtumwa, ng'ombe na punda pamoja na bwana, kwa kuwa wote huchoka. Uchovu ulikuwa shahidi asiyeweza kuhongwa. Kiunzi hakimwui shahidi huyo, lakini humchelewesha kufika barazani. Magoti na vifundo vya miguu, ambavyo mota ya nyonga haivisaidii, huendelea kulimbikiza deni wakati kiuno kiko shwari.

Nafasi ya shahidi inajazwa na takwimu. Baadhi ya viunzi vya kampuni ya German Bionic, iliyoanzia mjini Augsburg, ambavyo husaidia hadi kilo 30 kwa kila unyanyuaji, huunganishwa na intaneti, huhesabu mara ambazo mvaaji ameinua na kumwonya anapoinama vibaya. Onyo hilo ni neema kwa anayetaka kujilinda. Kwa msimamizi, orodha ile ile inaonyesha nani ameinua mara chache kuliko wenzake. Mkongojo haukuwahi kumsengenya mwenyewe, na deraya ya Daudi haikupeleka habari kwa mtu.

Linabaki swali ambalo Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, ililijadili bila kujua kwamba siku moja litahusu mota. Siku ya Sabato ni marufuku kubeba mzigo nje, lakini nguo si mzigo. Marabi wakauliza kuhusu mtu aliyekatwa mguu: atoke na mguu wake wa mti? Rabi Meir aliruhusu, Rabi Yose akakataza. Ubishi ulikuwa juu ya kama kipande kile cha mti kimekwisha kuwa sehemu ya mtu, kama kiatu chake, au bado ni kitu anachokichukua. Kwa mgonjwa wa Tsukuba anayejifunza kutembea upya na HAL, hoja ya Rabi Meir ina nguvu, kwa kuwa bila kiunzi hicho hatua haipo. Kwa mpakuzi wa makasha, anayefungwa mikanda saa mbili asubuhi na kufunguliwa jioni kwa ajili ya kazi ambayo hakuichagulia uzito wake, kiunzi kinakaribia zaidi upande wa Rabi Yose: ni kitu cha kazini ambacho mwenye kazi amekiweka juu ya mwili wake, pamoja na makasha.